Samaki Mwenye Miwani

Kosa lenyewe lilitendeka kwenye kiti cha kinyozi, kichwa kikiwa kimenyolewa upande mmoja.

Kinyozi alikuwa ametoka kwenda kuazima mafuta ya mashine kwa jirani, na kijana akaona asikae bure. Akatoa simu, akakuta shangazi yake ametupia picha mpya mtandaoni. Wanawake wazee wamesimama ndani ya bwawa la kuogelea la mji, maji yamewafika kifuani, kofia za mpira zimewabana vichwa, wanacheka kama watoto waliotoroka kazi za nyumbani. Hao walijiita Mabata, na kiongozi wao alikuwa huyo huyo shangazi, aliyesimama katikati na kofia nyeupe pe. Kijana akacheka peke yake, akaandika chini ya picha: "Shangazi, hiyo kofia imekufanya yai lililochemshwa likasahaulika jikoni. Jumapili nakuja, usimalize chakula." Akatuma, akarudisha simu mfukoni, akafumba macho kumsubiri kinyozi.

Ndani ya simu ile akaunti mbili ziliishi kama wake wenza, kila mmoja na mlango wake. Moja ilikuwa yake. Ya pili ilikuwa ya gazeti alikofanyia kazi, maana yeye ndiye aliyekabidhiwa ukurasa wa gazeti mtandaoni. Na asubuhi hiyo, bila yeye kutazama, mlango uliokuwa wazi ulikuwa wa mke mkubwa. Kwa hiyo chini ya picha ya shangazi, mbele ya mji mzima, maneno ya yai na chakula yalikaa pembeni mwa nembo ya gazeti lile lile ambalo kwa miaka mingi lilitangaza bei ya saruji na misiba ya wakubwa kwa uso mmoja usiocheka.

Simu ililia kabla kinyozi hajarudi. Alikuwa mhariri msaidizi, mama mwenye macho ya mwewe ambaye ofisi nzima ilimwita Mama Nukta, kwa sababu hakuna nukta iliyowahi kumponyoka. Akamuuliza yuko wapi. Kijana akasema yuko kwa kinyozi.

"Hata kama umenyolewa nusu, njoo," Mama Nukta akasema. "Mzee anataka kukumalizia mwenyewe."

Alikwenda na nusu yake ile ile, amevaa kofia iliyookotwa kwenye msumari wa kinyozi.

Chumba cha habari kilikuwa ghorofani, juu ya duka la magodoro, na feni yake ilizunguka kwa kuchechemea. Humo kijana aliitwa Kidole. Jina alipewa na Mhariri, aliyesema kuwa kijana huyu, kwa mwili wote aliojaliwa, anatumia kidole gumba tu. Mhariri alikuwa mzee mrefu, kipara kinang'aa, shati limenyooshwa mpaka mikunjo inakata. Mitandao ya kijamii aliiita soko la uvumi, na ukurasa wa gazeti aliuruhusu kwa shingo upande, kama mtu anayeruhusu paka kulala sebuleni.

Kidole alimkuta ameshika simu ya Mama Nukta kwa ncha za vidole, anasoma. Maoni yalikuwa yamefurika. Mmoja ameuliza kama shangazi wa gazeti anapokea wageni wengine. Mwingine ameapa kuwa tangu azaliwe gazeti hili halijawahi kumchekesha, na leo amemwaga chai. Na shangazi mwenyewe, bila kujua anajibizana na nembo, alikuwa ameandika: "Njoo tu baba, yai litakupikia. Ila uje umenyoa, mara ya mwisho ulifanana na fagio."

Mhariri akaweka simu mezani taratibu.

"Gazeti hili," akasema, "halina shangazi."

Kidole akainamisha kichwa. Mzee akaendelea kwa sauti ya chini, na sauti yake ya chini ndiyo iliyokuwa mbaya. Akamwambia afute upuuzi ule, aombe radhi kwa wasomaji, kisha mwisho wa wiki ukurasa ufungwe na yeye arudi kuandika matokeo ya ligi ya mchangani. Mama Nukta akajaribu kutia neno, akanyamazishwa kwa kiganja. Maji yakimwagika hayazoleki. Kidole akaenda kukaa kwenye meza yake karibu na dirisha, akafungua simu, safari hii akikagua mlango mara mbili.

Kabla ya kufuta akataka kusoma maoni yote, kama mtu anayehesabu vyombo vilivyovunjika. Akashuka, akashuka, akicheka kwa pua ili asisikike. Chini kabisa akakuta maneno ya fundi cherehani mmoja wa mtaa wa bwawani ambayo hakuna aliyeyajali katikati ya vicheko: "Chekeni leo. Mwezi ujao mtachekea wapi? Bwawa linafukiwa." Na picha ya tangazo lililobandikwa kwenye lango kuu.

Kicheko kikamkauka.

Tangazo lilikuwa la baraza la mji. Lilisema kuwa bwawa la kuogelea halijatumika kwa mwaka mzima, ni kavu na ni hatari, na kwa hiyo litafukiwa ili pawe maegesho ya magari ya baraza. Kikao cha kupitisha jambo hilo kingekaa Ijumaa. Na ili mtu asibishe, waliambatanisha picha: bwawa tupu, majani makavu chini, kiti kilichovunjika mguu, na mbwa amelala kwenye kina kirefu kama aliyepanga chumba.

Kidole akampigia shangazi. Shangazi alikuwa hajui lolote, kwa sababu Mabata waliingilia mlango wa nyuma, upande wa mabafu. Akamsomea tangazo. Shangazi huyu, dada wa baba yake, alikuwa na magoti yaliyokataa kazi miaka kadhaa nyuma. Alikaa kitini mpaka kiti kikachukua umbo lake, akawa mtu wa kuletewa na kuinuliwa. Kisha daktari akamtuma majini, naye akaenda akinung'unika, na tangu siku hiyo hakuna aliyemrudisha kitini.

"Nchi kavu mimi ni mgonjwa, baba," akasema. "Majini mimi ni mtu. Sasa wanataka kuegesha magari juu yangu?"

Kidole hakufuta chochote. Alichukua simu akaenda nayo moja kwa moja mpaka mlango wa Mhariri, akabisha, akaingia kabla ya kuitikiwa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Mhariri alisoma tangazo. Akaitazama picha ya bwawa kavu, akaisogeza karibu na macho, damu ikaanza kumpanda shingoni.

"Huu ni uongo," akasema. Halafu akakohoa, akarekebisha kola. "Yaani, unaweza kuwa uongo. Kathibitishe."

Akampa mpaka Alhamisi jioni. Lakini akamfunga na sharti ambalo lilikuwa sheria ya gazeti tangu lilipoanza: mtu wa kwako humwandiki, na humtumii kuwa shahidi. Shangazi anayemlisha Jumapili asiwemo katika habari hii, wala Mabata wenzake. Na picha yoyote itakayochapishwa, kila aliyemo aombwe ruhusa kwanza, awe tajiri awe ombaomba. Kidole akasema sawa, Mzee. Kisha akauliza kuhusu ukurasa. Mhariri akamwambia ukurasa una roho mpaka Alhamisi hiyo hiyo.

Mwanzo ulionekana rahisi kama kumsukuma mlevi. Kidole alikwenda bwawani, akalikuta limejaa, maji yanameremeta, watoto wa shule wanapiga mbizi. Akapiga picha, akampigia msemaji wa baraza. Msemaji alikuwa na sauti ya mtu aliyekunywa asali. Akasema ni kweli siku hizi kuna watu humo, wamevamia baada ya kusikia habari za tangazo, wakalijaza maji kwa hila. Lakini mwaka mzima lilikuwa kavu, na picha yao imepigwa mwezi uliopita na ofisa wa baraza. Je, mwandishi ana ushahidi gani wa mwaka jana?

Mwokoaji wa bwawa, kijana mwenye filimbi shingoni, aliajiriwa na baraza hilo hilo na alikatazwa kusema na waandishi. Kidole alipomuuliza, alitazama juu, akatazama chini, kisha akageuka akautazama ukuta wa upande wa kina kirefu, akapuliza mluzi mwembamba. Kidole akafuata macho yake. Ukutani palichorwa samaki mkubwa wa rangi ya chungwa, mwenye tabasamu. Samaki alikuwa amevaa miwani ya jua.

Kidole akafungua picha ya tangazo, akaikuza. Pembeni kabisa, pale ilipokatwa, samaki alionekana kuanzia mdomo mpaka jicho. Jicho lilikuwa tupu.

Akajikuta amepiga kofi paja lake mwenyewe. Picha ya baraza ilikuwa ya zamani, ya kabla samaki hajanunuliwa miwani. Lakini alivaa lini? Hapo ndipo kazi ilipolala. Akaipitisha picha ile kwenye mtambo wa kutafuta picha zilizowahi kupakiwa mtandaoni, hakupata kitu. Aliyeikata alijua kukata. Akarudi ofisini, akasema kuna njia moja tu iliyobaki, nayo ni kuuliza watu wote kwa mpigo.

Mhariri akauliza ni watu gani hao. Kidole akasema wale wale waliocheka yai. Maana tangu asubuhi ile ukurasa wa gazeti uliokuwa ukisomwa na wafanyakazi na wake zao ulikuwa umepata wafuasi kama kichuguu kilichomwagiwa sukari.

"Penye wengi hapaharibiki neno," Mama Nukta akasema bila kuinua macho kwenye karatasi zake.

"Penye wengi pana kelele pia," Mhariri akamjibu. Lakini hakukataa.

Waliandika swali pamoja, Kidole akiweka chumvi na Mama Nukta akiipunguza. Likatoka hivi: "Mnamjua samaki huyu? Baraza linasema bwawa lilikuwa kavu mwaka mzima. Sisi tunataka kujua samaki alivaa miwani lini. Fungueni picha zenu za bwawani. Tutumieni picha halisi isiyopambwa, mtuambie nani aliipiga, lini, na nani wamo." Na picha mbili za samaki, moja jicho tupu, nyingine na miwani.

Basi mji ukafunguka.

Zilikuja moja moja kama matone ya kwanza ya mvua, kisha zikaja kwa ndoo. Bwana harusi na bibi harusi waliosukumwa majini na nguo zao, shela linaelea kama ua. Timu ya mpira iliyopoteza fainali, imekwenda kujizamisha. Baba mmoja anamshika mwanawe mchanga juu ya maji kwa mikono miwili, na hujui kati yao nani anaogopa zaidi. Askari wanafunzi wamepangwa ukingoni, mwenye misuli kuliko wote amekumbatia ngazi. Mwalimu wa hesabu, mkali kwa kila aliyepita shuleni kwake, anashuka kwenye ubao wa kurukia huku mashavu yamejaa hewa, na chini yake wanafunzi wa zamani wameandika mambo ambayo darasani wasingethubutu. Kidole alikaa dirishani, kofia ya kinyozi kichwani, anacheka, anafuta machozi, anaandika majibu. Watu wa magodoro chini wakapanda kuuliza kuna nini, wakavuta viti.

Si kila kilichokuja kilikuwa chema. Mtu mmoja alileta samaki wa kukaanga mwenye miwani ya mdoli, huyo akapewa ahsante na kuwekwa pembeni. Mwingine alituma bwawa la mji mwingine, na Kidole alimjua kwa vigae vya kijani, maana vya hapa ni vya buluu. Wa tatu alikuwa mjanja: alichukua picha yake ya zamani akamchorea samaki miwani kwa simu ili kusaidia. Lakini ukuta ule una ufa unaopita kwenye pua ya samaki, na miwani ya kweli ilichorwa ikapasuka pamoja na ufa, ya kwake ilikuwa nzima kama mpya dukani. Kidole akamwandikia kwa upole kuwa uongo wa kusaidia nao ni uongo, na baraza likiukamata huo mmoja litazitupa na kweli zote. Yule mtu akaomba radhi, kisha akaleta picha ya mama yake anapiga mbizi, ya kweli.

Shida ilikuwa tarehe. Picha nyingi zilikuwa zimepita mikono mingi, kutoka simu hadi simu, zikapoteza siku zao za kuzaliwa njiani. Msemaji angeuliza: mmejuaje ni mwaka jana? Jumatano ikapita. Alhamisi ikafika mchana, na shangazi akapiga simu kuuliza kama anaruhusiwa angalau kusema habari za asubuhi kwa gazeti. Kidole akamwambia hairuhusiwi. Shangazi akakata simu.

Hapo ndipo picha ya nesi ilipoingia.

Nesi huyo wa hospitali ya mji alikuwa amempiga picha binti yake, siku ya kwanza ya kuogelea. Binti yuko mbele, meno yote nje. Maji yamejaa hadi ukingoni. Nyuma upande wa kulia yuko samaki na miwani yake, ufa na vyote. Nyuma upande wa kushoto uko ubao mweusi ambao mwokoaji huandika kwa chaki kila asubuhi tarehe na hali ya maji, na tarehe inasomeka waziwazi: ya mwaka jana, katikati ya mwaka ule ambao baraza liliapa kuwa bwawa lilikuwa kavu.

Na katikati, baina ya samaki na ubao, alikuwepo mwanamume mzee, mrefu, kipara kinang'aa. Amevaa miwani ya kuogelea. Amekumbatia boya la manjano lenye kichwa cha bata, kwa mikono yote miwili, macho yamefumbwa ndani ya miwani, mdomo wazi kama anayekiri dhambi zake zote kwa pamoja.

Kidole akaitazama picha. Akaitazama tena. Akanyanyuka akaitazama akiwa amesimama, labda ingebadilika. Alikuwa Mhariri.

Kijana alifanya kazi yake kwanza. Alimwomba nesi faili lenyewe kama lilivyotoka kwenye simu, na tarehe iliyofichwa ndani ya faili ikaafikiana na ya chaki. Akakumbuka picha ya fundi bomba mmoja aliyoiweka kando kwa kuwa haikuonyesha samaki. Akaitafuta, akakuta ubao ule ule, tarehe ile ile, mwandiko ule ule wa mwokoaji. Mashahidi wawili wasiojuana. Kisha akajaribu kumkata Mhariri. Ukimkata kushoto, ubao unaondoka naye. Ukimkata kulia, tarehe inabaki bila samaki. Ukimfunika uso, msemaji atauliza gazeti linaficha nini. Na baraza lenyewe lilishikwa kwa kosa hilo hilo la kukata picha.

Akapiga moyo konde. Akavua kofia kwa heshima, akakumbuka kichwa chake, akaivaa tena, akaingia.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umepata?"

"Nimepata. Ila kila aliyemo pichani anatakiwa kuombwa ruhusa. Nesi amekubali, kwa ajili yake na ya mtoto. Amebaki mmoja."

Akaweka simu mezani. Mhariri akaichukua. Feni ikachechemea juu yao, ikazunguka, ikachechemea. Mzee aliitazama picha kwa muda mrefu, na Kidole akautumia muda huo kusoma kalenda ya ukutani yote, pamoja na jina la kiwanda kilichoichapa.

"Hilo boya," Mhariri akasema mwishowe, "ni la watoto. Ya wakubwa yalikuwa yamekwisha."

"Naelewa, Mzee."

"Nyumbani wanajua ninatembea kwa miguu. Asubuhi. Kwa ajili ya presha." Akashusha pumzi. "Babu mzima, mhariri wa gazeti, naogopa maji yanayonifika kiunoni. Wewe ungesema?"

Kidole akajibu kwamba yeye amemwita shangazi yake yai mbele ya mji mzima, na mji haukumla. Ulimletea habari.

Pembe ya mdomo wa Mhariri ikacheza. Ilitulia, ikacheza tena, na ghafla mzee yule akaanza kucheka, kicheko kilichokaa kabatini muda mrefu na kutoka na vumbi lake. Mama Nukta akafungua mlango kuona nani amekufa. Mhariri akampa simu. Mama Nukta akaitazama picha, akaketi chini kwenye sakafu, kwa sababu kiti kilikuwa mbali.

"Mkuki kwa nguruwe," Mhariri akasema, akifuta macho. "Nimemkataza kijana shangazi yake, na mimi mwenyewe nimo ndani hadi kiunoni." Akachukua kalamu yake nyekundu, ile ambayo hakuna aliyewahi kuigusa, akamkabidhi Mama Nukta. Habari ya bwawa haihariri yeye. Yeye ni shahidi. Kidole amhoji kama anavyohoji watu wengine, asimwonee haya.

Kidole akavuta kiti, akafungua kinasa sauti, akamhoji bosi wake. Alikuwa akienda bwawani tangu lini, siku zipi, maji yalikuwepo au hayakuwepo. Mhariri alijibu yote kwa ukamilifu. Kulitokea ugomvi mmoja tu, Mama Nukta alipoandika chini ya picha kuwa aliyeshika boya ni mhariri wa gazeti hili, anayejifunza kuogelea. Mzee akataka iwe "anayeogelea".

"Picha inasema anajifunza," Mama Nukta akajibu, na kalamu nyekundu ilikuwa mkononi mwake.

Alhamisi jioni habari ilipanda mtandaoni, na Ijumaa asubuhi ikawa ukurasa wa mbele. Kidole alieleza kila hatua: walivyouliza, walivyokagua, kipi walikikataa na kwa nini, ili yeyote mwenye simu arudie njia ile ile akaone mwenyewe. Alimpigia pia msemaji wa baraza kumpa nafasi ya kujibu. Safari hii asali ilikuwa imeisha kwenye sauti. Msemaji akasema atarudi na jibu.

Jibu lilitoka kikaoni. Ukumbi wa baraza ulijaa mpaka ngazini, na watu walikuja na simu zao, kila mmoja na samaki wake. Mwalimu wa hesabu alikuwepo. Bibi harusi alikuwepo, sasa na mimba. Shangazi alikuwepo na Mabata wote, wamevaa kofia zao za mpira, wamekaa mstari wa mbele kama mayai kwenye trei. Mwenyekiti wa baraza, mama mmoja mzito wa maneno, alikuwa na gazeti mezani. Akamwuliza msemaji picha ile ilipigwa lini. Msemaji akarudia kuwa ni mwezi uliopita. Mwenyekiti akaitazama picha ya nesi, akaitazama ya tangazo.

"Basi tusaidie," akasema. "Samaki alivua miwani lini?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Watu walishikana mabega, mwokoaji akajisahau akapuliza filimbi, na Kidole akatupa kofia juu kabla ya kukumbuka kilichokuwa chini yake, kukawa na kicheko juu ya kicheko. Njia ya mwongo ni fupi. Msemaji akakiri kuwa hakuna ofisa aliyekwenda bwawani. Picha ilichomolewa kwenye kumbukumbu za ofisi, ya miaka iliyopita bwawa lilipokaushwa kukarabatiwa. Tangazo likafutwa pale pale kwa mikono yote iliyonyooshwa, na magari ya baraza yakaambiwa yaendelee kulala yalipokuwa yakilala.

Nje ya ukumbi shangazi alimshika Kidole sikio. Alikuwa amefurahi hadi machozi, lakini alikuwa na daawa yake. Mji mzima umo gazetini, akasema, nesi yumo, fundi bomba yumo, hadi mbwa yumo. Yeye aliyelilia bwawa hana hata mstari. Kidole akaanza kumweleza sheria ya gazeti. Shangazi akamwambia sheria ataila Jumapili, maana chakula hakitakuwepo. Kisha akamwachia sikio, akageuka kumtazama mzee mrefu mwenye kipara aliyekuwa akipita akijificha nyuma ya Mama Nukta.

"Wewe baba mwenye boya," akamwita. "Kesho asubuhi mlango wa nyuma. Uje bila hilo bata lako, mabata yapo ya kutosha."

Kidole hakuwepo asubuhi hiyo. Alikuwa kwenye kiti cha kinyozi, anamaliziwa upande wa pili. Simu ikatetemeka, akaitoa: shangazi ametupia picha mpya. Mabata wamesimama mduara, maji kifuani, nyuma yao samaki anatabasamu na miwani yake. Katikati ya mduara Mhariri amelala chali juu ya maji, mikono ameitandaza, hakuna boya, hakuna aliyemshika, na macho yake yako wazi.

Chini ya picha tayari palikuwa na maoni, pembeni mwa nembo ya gazeti. Kidole akashtuka, akakagua akaunti yake upesi. Mlango uliokuwa wazi ulikuwa wake mwenyewe, na yeye hakuwa ameandika kitu. Ndipo akakumbuka kuwa jana jioni, wakati wa kufunga ofisi, Mhariri alimwomba nywila ya ukurasa, akainakili nyuma ya mkono kwa kalamu nyekundu.

Maneno yenyewe yalikuwa machache, na nukta yake ilikuwa mahali pake: "Shangazi, Jumapili tunakuja wawili. Usimalize chakula."